Wasifu wa bibi wa Kiarmenia: anza na majina, mji na kazi za mikono yake

Pole sana dada kwa msiba. Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mwenzetu ameolewa katika familia ya Waarmenia huko Watertown, Massachusetts. Bibi wa mume wake, aliyezaliwa Beirut miaka ya 1930 na kuhamia Marekani baada ya vita vya Lebanon kuanza 1975, amefariki. Ukoo umempa yeye kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya arobaini, naye anauliza aanzie wapi.

Dada, anza na majina, maana wasifu mwingi huharibikia hapo. Karatasi za Lebanon ziliandikwa Kiarabu na Kifaransa, kwa hiyo Shushanig utamkuta Chouchanik, na Marekani huenda wakamwandika vingine tena. Garabed na Karapet ni jina moja, Krikor na Grigor vilevile. La kwanza ni matamshi ya Waarmenia wa magharibi, yaani wenye asili ya Uturuki ya leo, la pili ni la Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Familia ya Beirut kwa kawaida ni ya magharibi, basi shika Garabed na Krikor mpaka mwisho, usichanganye. Halafu muulize binti mkubwa jina la ubatizo, kwa sababu ndilo la kumpa kasisi kwa ajili ya sala.

Kisha mji. "Wazazi wake walitoka Uturuki" haitoshi, na kwa watu walionusurika mauaji ya Waarmenia ya 1915 huko huko inauma. Kama wazee waliojua wameshaondoka, uliza bibi alikulia mtaa gani pale Bourj Hammoud, kitongoji cha Waarmenia kando ya Beirut. Nor Marash, Nor Adana na Nor Sis ("nor" ni "mpya") ni mitaa iliyopewa majina ya miji waliyofukuzwa. Huo ni mwanzo tu wa kutafuta, kwani msichana akiolewa alihamia mtaa wa mume.

Ushahidi mwingine uko kwenye sanduku lake la vitambaa. Darizi ya Marash huonyesha nyuzi zilizopitishwa juu na chini ya nyingine kama msuko. Ya Aintab, mji mwingine wa huko, ni nyeupe juu ya nyeupe: nyuzi za kitambaa chenyewe huchomolewa, zilizobaki zikafungwa vifungu vifungu hadi yatokee matundu ya mraba. Ukiona lesi nyembamba pembeni, angalia kwa karibu. Ile ya sindano hufungwa fundo kila kitanzi, ndiyo maana uzi mmoja ukikatika kazi nzima haifumuki. Piga picha mwanga ukitokea ubavuni, mafundo yaonekane, uiweke kwenye kijitabu cha arobaini. Ila wanawake walifundishana, hivyo linganisha na maneno ya ukoo kabla ya kuandika mji.

Kuhusu miaka: karatasi za wazazi zikiwa na kalenda iitwayo Rumi, ya dola ya zamani ya Waosmani huko Uturuki, ongeza 584, 1331 ni 1915. Mwaka huo ulianza Machi, kwa hiyo tarehe ya Januari au Februari 1331 inaangukia 1916. Watoto waliookotwa na kupelekwa vituo vya yatima mara nyingi walikadiriwa umri kwa macho. Andika "takriban" bila aibu.

Kuna mambo mawili ya kuuliza kwa upole. Waarmenia wengi wa Marash, Aintab na Adana walizungumza Kituruki nyumbani, na huenda bibi alibembelezwa kwa lugha hiyo. Wapo watoto wasiopenda litajwe hadharani. La pili, kati ya 1946 na 1948 familia nyingi za Waarmenia wa Lebanon na Syria ziligawanyika, wengine wakihamia Armenia ya Kisovieti. Uliza kama kuna ndugu aliyekwenda, usije ukamwacha dada yake wa damu nje ya wasifu.

Sasa maisha yenyewe. "Alikuwa mama mwenye upendo" inamfaa kila marehemu. Andika alivyokunja yalanchi: jani la mzabibu lililosuuzwa chumvi, upande wa mishipa ukitazama juu, mchele uliokaangwa na vitunguu vingi kwenye mafuta ya zeituni, kijiko cha chai kwa kila jani. Halikazwi sana, kwa sababu mchele huvimba na jani hupasuka. Sahani hufunikwa juu yake ndani ya sufuria ili zisielee, na huachwa zipoe humo humo kabla ya kupakuliwa. Kama vipimo vyake vilikuwa vya mkono, mwombe binti apike, wewe pima kwa mizani kabla na baada ya kila anachochota.

Arobaini wanaiita karasunk. Sala ya marehemu, hokehankist, hufanywa kanisani, kwa kawaida baada ya misa ya Jumapili iliyo karibu na siku yenyewe. Haifanywi siku za sikukuu kuu tano, mfano Pasaka au Krismasi yao ya Januari 6. Kesho yake ndiyo siku ya kuwakumbuka wafu. Zungumza na kasisi kabla watu hawajakata tiketi za ndege.

Wasifu usomwe kwenye chakula kinachofuata. Maneno 600 hadi 700 ya Kiingereza ni kama dakika tano. Aya moja ya Kiarmenia asome mjukuu anayeijua vizuri. Rasimu mtumie binti mkubwa na mzee mmoja aliyebaki Beirut wiki moja kabla, wakague majina na mji.