Jeni Haipelekei Kitu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam. Tunaandaa kipeperushi cha wagonjwa wa lukemia, saratani ya damu, na ndugu zao. Mwenzangu ameandika: "Mabadiliko ya jeni hupelekea seli za lukemia kukataa kifo kilichopangwa." Mimi nahofia hayo maneno "kifo kilichopangwa" yatawatisha watu. Je, tuandike kwamba seli "hukataa kujiua"? Au tuweke jina lake la kisayansi, "apoptosisi", tu, daktari ataeleza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako ni ya haki. Mjini hapa ukimwambia mtu kwamba kifo fulani kilipangwa, atakuuliza kwanza nani alikipanga. Wanafunzi wa baiolojia wamelizoea neno hilo na sitawanyang'anya, lakini ndugu wa mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la korido hajalizoea. "Kujiua" ndiyo mbaya zaidi. Kujiua ni tendo la mtu mwenye nia na uchungu, na seli haina nia. Tena familia iliyowahi kufikwa na msiba huo haistahili kukutana nao kwenye karatasi ya hospitali. Andikeni kwamba seli iliyoharibika "hufa yenyewe". Mtoto wa darasa la nne ataelewa, na mwanasayansi hatapata pa kukosoa. "Apoptosisi" iachieni vitabu. Ni Kigiriki, chenye picha ya majani yanayopukutika. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walilichapisha mwaka 1972 baada ya kupendekezewa na James Cormack, profesa wa lugha ya Kigiriki kule Aberdeen. Ni neno zuri, ila mgonjwa wenu halimfai kitu.

Swali lako limekwisha. Sasa nije kwenye neno ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulipita: hupelekea.

Peleka ni kitenzi chenye watu wake. Yupo mpelekaji, kipo kinachopelekwa, na papo kinapokwenda. Ukikitia kauli ya kutendea kikawa pelekea, anaongezeka wa kupokea: "Mpelekee babu chai barazani." Wewe unapeleka, chai inapelekwa, babu anapelekewa. Kila mmoja anajulikana na kazi yake. Sasa ichukue sentensi tunayosomewa kila masika: "Mvua kubwa zimepelekea mafuriko Jangwani." Mpelekaji ni mvua, sawa. Anayepelekewa, kwa sarufi ileile ya babu na chai, ni mafuriko. Yamepelekewa nini? Sentensi haisemi, na aliyeiandika hajui, kwa sababu hakukusudia kupeleka chochote kwa yeyote. Alitaka kusema mvua zimeleta mafuriko. Kitenzi leta kilikuwepo mdomoni mwake tangu utotoni, akakiruka.

Ijaribuni sentensi hiyo zaidi, maana hapo ndipo inapoanguka kabisa. Kwenye "mpelekee babu", kiambishi m- kinamsimamia babu bila shida. Kiwekee mafuriko kiambishi chake: "Mvua zimeyapelekea mafuriko." Ulimi unagoma. Igeuze katika kauli ya kutendwa. "Babu amepelekewa chai" ni Kiswahili safi kuanzia Kariakoo hadi Kigoma. "Mafuriko yamepelekewa na mvua" je? Mwandishi wa habari mwenyewe akifika hapo huona haya, akakimbilia "yamesababishwa na mvua". Yaani kusababisha, alichokikwepa aya moja juu, ndicho kinachomwokoa aya moja chini! Hao wanaoniambia kwamba lugha hukua na pelekea imeshakuwa mwenyeji, nawaomba wanieleze ni mwenyeji gani huyu anayeshindwa kuingia chumba cha pili cha nyumba yake.

Asili yake inajulikana. Ni Kiingereza, ambako tukio husemwa kwamba "linaongoza" hadi tukio jingine, nasi tukatafsiri mwendo badala ya maana. Tangu hapo neno limesambaa kwenye taarifa za habari, ripoti za ofisi na barua za kuomba ruhusa. "Kukosekana kwa fedha kumepelekea mradi kusimama." Kwa nini isiwe "Mradi umesimama kwa kukosa fedha"? Ni fupi, na aliyesimama anaonekana. Kiswahili kina kuleta, kuzaa, kuchochea, kufanya, kuponza; kina viambishi vya kutendesha ambavyo lugha nyingi zingevionea wivu: kauka unakausha, jaa unajaza, anguka unaangusha, na hata fa tunayo fisha. Lugha yenye utajiri huo haikupaswa kuomba.

Mtangazaji wa mpira anayesema "krosi iliyopelekea bao" nimechoka kugombana naye. Krosi walau imepeleka mpira mahali.

Ila kipeperushi cha lukemia sikisamehe, na hapa sarufi si sababu pekee. Kupelekea ni turubai: ukilitandika juu ya sentensi, kila kilicho chini yake kinakuwa na umbo moja. Chini ya sentensi ya mwenzako kuna matukio kadhaa yasiyofanana, na tofauti zake ndizo zinazomwongoza daktari katika kuchagua dawa.

Tuanze na seli nzima. DNA yake, yaani maandishi ya jeni zake, ikiharibika vibaya, protini iitwayo p53, inayotokana na jeni ya TP53, huziwasha jeni nyingine zikiwemo PUMA na NOXA. Protini za jeni hizo huziachia huru protini nyingine mbili, BAX na BAK, na hizi mbili hutoboa utando wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Protini iliyomo humo, saitokromu c, huvuja, vimeng'enya viitwavyo kaspasi huamka na kuikatakata seli kutoka ndani, kisha seli za usafi huyameza mabaki pasipo kuleta uvimbe mwilini. Katikati ya njia hiyo imesimama protini nyingine, BCL2. Kazi yake ni kuzishika BAX na BAK, pamoja na protini zinazozichochea hizo mbili, kama BIM, ili seli yenye afya isife bila sababu. Kila kitenzi hapo kina mtenda. Vitoe, uweke pelekea mahali pake, uone kama utabaki na maelezo yoyote.

Sasa lukemia. Kuna mgonjwa ambaye kipande cha mkono mfupi wa kromosomu 17, moja ya nyuzi zinazobeba jeni, kimekatika kwenye seli zake, na TP53 imekwenda nacho. Au jeni ipo lakini imeharibika. Hapo amri ya kufa haitolewi. Kitenzi cha Kiswahili ni kunyamaza: p53 imenyamazishwa. Kuna mgonjwa wa lukemia sugu (yaani ya polepole) ya limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, ambaye kilichokatika ni kipande cha kromosomu 13, jambo linaloonekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa aina hiyo. Kipande hicho kilibeba jeni za vipande vidogo vya RNA, nakala inayotokana na DNA, viitwavyo miR-15a na miR-16-1, ambavyo huizuia seli isitengeneze BCL2 kupita kiasi. Vikipotea, BCL2 hufurika. Amri ya kufa inaweza kutolewa vizuri kabisa, ila mzuiaji amekuwa mwingi mno. Huku ni kuachiliwa: BCL2 imeachiliwa. Kunyamaza na kuachiliwa si tendo moja, na hakuna Mswahili aliyewahi kuyachanganya mpaka alipopewa neno la kuyafunika.

Kuna la tatu. Katika lukemia sugu ya mieloidi, jamii nyingine ya seli za damu, kromosomu 9 na 22 hubadilishana vipande. Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu fupi isiyo ya kawaida mwaka 1960, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Janet Rowley akaonyesha mwaka 1973 kwamba ni vipande vilivyobadilishana mahali. Kwenye maungio huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL1, na kimeng'enya chake hakizimiki. Huisukuma STAT5, protini inayowasha jeni, nayo STAT5 huiongeza BCL-xL, ndugu wa BCL2. Hapa hakuna kilichonyamaza wala kilichoachiliwa. Kuna kitu kimewashwa na hakizimwi. Jeni ya FLT3 hufanya karibu hayohayo katika lukemia kali ya mieloidi, ambako takribani watu wazima 30 kati ya 100 wenye ugonjwa huo huwa na mabadiliko yake. Ikiwaka muda wote, huiongeza MCL1, mzuiaji mwingine wa kifo cha seli.

Tazama basi dawa zinavyovifuata vitenzi. Kilichowashwa, kizime: imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukizuia kimeng'enya cha BCR-ABL1. Mzuiaji aliyejaa, mbane: venetoclax hujipachika kwenye shimo la BCL2 ambamo BIM na wenzake walikuwa wameshikwa, wakaponyoka. Mwaka 2016 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani, kwanza kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti waliokatikiwa na kile kipande cha kromosomu 17. Si bahati. Dawa hiyo inaanza kazi kwenye hatua zinazofuata baada ya p53, kwa hiyo kunyamaza kwa p53 hakuizuii kama kunavyozizuia dawa za zamani, ambazo huiharibu DNA na kutegemea p53 itoe amri.

Na lukemia nayo hujibu. Mwaka 2019 watafiti walieleza wagonjwa ambao, baada ya kuitumia venetoclax kwa muda mrefu, BCL2 yenyewe ilikuwa imebadilika: asidi amino moja tu, tofali moja kati ya yale yanayoijenga protini, ya nafasi ya 101, kutoka glaisini kuwa valini. BCL2 ya namna hiyo bado inawashika BIM na wenzake, lakini dawa haiikamati vizuri. Je, nayo "imepelekea usugu"? Imeikwepa dawa. Kukwepa ni kitenzi ambacho kila kondakta na kila mmachinga wa mji huu anakijua, na hakuna bora kuliko hicho hapo.

Mniwie radhi kwa kuyarefusha ya maabara. Nimeyarefusha kwa sababu mara nyingi naambiwa Kiswahili hakitoshi kueleza sayansi, na kila ninapoitazama sentensi inayotolewa kama ushahidi, naikuta imejengwa kwa pelekea. Hakijashindwa Kiswahili. Mwandishi hajaamua nani kafanya nini, akatafuta neno lisilomdai jibu.

Mwambie mwenzako, kwa upole kuliko mimi, aandike hivi: "Seli ya damu ikiharibika, kwa kawaida hufa yenyewe. Katika lukemia, mabadiliko katika jeni za seli huzuia kifo hicho. Seli mbovu hubaki, huongezeka, na kujaza uboho wa mifupa, zikizinyima nafasi seli nzuri za damu." "Hukataa" naye aondoke; seli haikatai, inazuiwa. Na "uboho wa mifupa" asiogope kuliandika, wapishi wa supu ya makongoro wanalijua.

Bado kuna jambo moja ambalo ninyi wauguzi mnalijua kuliko mimi, na kipeperushi hakilisemi. Ndugu wa mgonjwa akisikia "jeni" anaelewa "ukoo". Mtoto akiugua, baba anautazama upande wa mama, mawifi wananong'ona, na mama anaanza kuwahesabu waliokufa kwao. Mabadiliko niliyoyataja yote kwa kawaida hutokea ndani ya seli za damu za mgonjwa mwenyewe, baada ya kuzaliwa kwake au tumboni, bila kurithiwa kwa baba wala mama. Wapo wachache wanaozaliwa na jeni inayowaongezea hatari, na hao daktari atazungumza nao peke yao. Kwa wengi, wekeni sentensi hii, na iwe juu kabisa ya ukurasa kwa herufi nene: "Mara nyingi mabadiliko haya hayarithiwi, na hakuna mzazi aliyeyasababisha."