Hakuna sauti, sabufa inanguruma, hedifoni inameza mwimbaji: anza na waya kabla ya draiva

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja. Kompyuta ya mezani ya Windows 10 imekuwa bubu tangu ubadilishe skrini, sabufa inanguruma, na hedifoni za simu ukizichomeka kwenye kompyuta zinatoa ala bila sauti ya mwimbaji. Unasema umeshaweka draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa cha sauti) upya mara mbili. Iache kwanza. Dalili zote tatu zinaelekeza kwenye uunganishaji.

Tuanze na ububu. Waya wa skrini wa HDMI hubeba picha na sauti pia, na Windows ikikuta njia mpya ya sauti inaweza kuhamia huko hata kama skrini yenyewe haina spika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Cheza wimbo wowote na utazame orodha ya Playback: vijistari vya kijani vinapanda kwenye kifaa kipi? Vikipanda kwenye jina la skrini, bofya palipoandikwa Speakers halafu Set Default. Kama Speakers haionekani kabisa, bofya mahali patupu kwa kitufe cha kulia cha mausi, uweke tiki kwenye Show Disabled Devices.

Hivyo vijistari ndivyo vitakavyokuambia uende upande gani. Vikipanda kwenye Speakers na bado kimya, kompyuta imeshafanya kazi yake, tafuta tatizo kwenye tundu, waya au sabufa. Visipopanda popote, tatizo liko kwenye programu inayocheza au kivinjari kilichozimwa sauti.

Waya wa sabufa (pini ya mm 3.5 upande mmoja, pini mbili za RCA, nyekundu na nyeupe, upande wa pili) uchomeke nyuma ya kompyuta kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingiza sauti. Kwenye sabufa hakikisha ni matundu ya kuingiza. Halafu chukua rimoti ubonyeze mpaka isomeke AUX (sauti inayoingia kwa waya), maana sabufa nyingi zikizimika umeme zinarudi kwenye redio au Bluetooth. Pini hiyohiyo ichomeke kwenye simu yenye tundu: ikiimba, waya na sabufa ni vizima.

Sasa mngurumo. Chomoa pini upande wa kompyuta, uiache ikining'inia bila kuigusa chuma. (Ukiigusa itanguruma tu, hiyo ni kawaida.) Kama ngurumo inaendelea vilevile, kagua RCA: wavu wa nje wa waya ukikatika, sabufa inazoa mawimbi ya umeme wa nyumbani wa hezi 50. Badilisha waya kwanza, ni rahisi kuliko kumlipa fundi. Ngurumo ikibaki hata waya wote ukichomolewa kwenye sabufa, hapo ni usambazaji wake wa umeme wa ndani, mara nyingi kapasita kubwa (vifaa vinavyohifadhi na kutuliza umeme) zimechoka.

Lakini ngurumo ikikata ulipochomoa, inapita kwenye kompyuta. Hutokea kompyuta na vifaa vilivyoungwa na sabufa, kama TV, vikiwa na njia mbili tofauti za ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini). Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Isipokoma, nunua kile kiboksi cha kutenganisha ethi kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Ndani kina transfoma mbili ndogo. Usivunje pini ya ethi ya plagi ya kompyuta, hata kama ngurumo itaisha, kwa sababu kasha likipata hitilafu litakupiga shoti.

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi ni jambo jingine. Huo ni uchafu wa umeme wa ndani ya kompyuta, na hupenda kuingia kupitia waya wa matundu ya mbele. Hamia nyuma, au tumia adapta ya sauti ya USB.

Mwimbaji aliyepotea ndiye anayewachanganya wengi. Spika ya kushoto na ya kulia kila moja ina waya wake, ila zote zinarudi kwa waya mmoja wa pamoja. Huo wa pamoja ukikosa mguso, umeme unalazimika kupita spika moja kwenda nyingine, na kinachosikika ni tofauti ya pande mbili tu. Mwimbaji huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote, kwa hiyo anajifuta. Ala zilizo pembeni zinabaki, zikisikika kama uko chooni.

Hedifoni za simu zina pini yenye mikanda mitatu ya plastiki na sehemu nne za chuma, na tundu la kijani lina migusano mitatu. Mguso wa kurudi unaangukia sehemu ya maikrofoni. Jaribu hivi: shikilia kitufe cha kupokea simu kwenye waya. Mwimbaji akirudi, hedifoni ni nzima, kwa sababu kitufe hicho huunganisha maikrofoni na waya wa kurudi. Nunua adapta yenye tundu moja la kike na pini mbili za kiume, moja ya kijani na nyingine ya waridi. Muuzaji asikupe ile ya pini moja na matundu mawili. Hiyo ni ya watu wawili kusikiliza simu moja.

Kitufe kisipobadilisha kitu, tikisa waya karibu na pini. Sauti ikija na kukata, waya umevunjika hapo. Kata sentimita 5, ulehemu pini mpya, lakini nyuzi zake zimepakwa vanishi: ziunguze ncha kwanza kwa moto mdogo, la sivyo risasi haishiki.