Kama marehemu anadaiwa, tuseme

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwamba mwanamichezo aliyetupa raha akishafariki, je ni sawa kuyataja mabaya aliyowafanyia watu au tumwache apumzike. Mi nipo Mtwara mjini na jibu langu ni yatajwe, tena mapema.

Najua watu watakuja na ile ya marehemu hasemwi vibaya. Sawa, ila huku kwetu kabla jeneza halijanyanyuliwa kuna mtu anasimama anasema jamani kama kuna yeyote anamdai marehemu ajitokeze aonane na familia, na hakuna anayeona kwamba hapo maiti kavunjiwa heshima, tena tunaona tunamsaidia. Sasa hela ya dukani tunaiulizia, hela ya mabati tunaiulizia, mkono wa mwanamke uliovunjwa mbona hatuuliziii? Na hilo si deni? Na deni anasamehe anayedai, sisi waombolezaji hatuna mamlaka hayo.

Hili nimeliona kwa macho. Kuna winga wa mtaani kwetu, jina naliacha, mguu wa kushoto alikuwa nao balaa, akicheza pale uwanja wa Nangwanda watu wanafunga biashara. Siku ya msiba wake wazee wa timu waliongea weee, magoli, chenga, ukarimu, na huko uani yupo mwanamke aliyezaa naye anapepeta mchele na wenzake, ungo kaubana kwa kiganja maana vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tangu siku aliyompiga na mchi, na mtaa mzima tunajua. Hakuna hata mmoja aliyemtaja. Baada ya muda likaandaliwa bonanza, kombe lina jina la marehemu.

Kwa wakubwa ndo hivyo hivyo. Carlos Monzón, bondia wa Argentina, 1970 alimpiga Nino Benvenuti kule Roma akabeba ubingwa wa dunia uzito wa kati, akautetea mara 14 na akastaafu 1977 hakuna bondia aliyemvua ulingoni. Februari 1988 pale Mar del Plata akamuua Alicia Muñiz, mama wa mtoto wake, mahakama ikamfunga miaka 11, alafu Januari 1995 akafa kwa ajali ya gari akiwa anarudi gerezani toka ruhusa ya wikiendi. Watu walifurika mazishini na sanamu yake ipo Santa Fe. Hapo hakuna cha tuhuma, ni hukumu kabisa, ila waulize wapenzi wa ngumi Alicia ni nani uone.

Tuhuma ni kitu kingine na lazima tuwe waangalifu. Samuel Wanjiru wa Kenya, dhahabu ya marathoni Beijing 2008, mwishoni mwa 2010 alishtakiwa kwamba alitishia kumuua mkewe na kwamba alikutwa na AK-47, akakana, na Mei 2011 akafariki akiwa na miaka 24 tu. Huyo siwezi kumwita mhalifu, nitasema alishtakiwa na alikana, basi, lakini kulificha pia hapana.

Na mi Maradona nampenda, lile bao la pili alilowafunga Uingereza 1986 sichoki kuliangalia. Ila alipofariki Novemba 2020 kuna mchezaji wa kike wa Hispania, Paula Dapena, wenzake wamesimama dakika ya ukimya yeye akakaa chini uwanjani akageuza mgongo, akaeleza kwamba hawezi kumpa heshima hiyo mtu anayemwona alikuwa mkatili kwa wanawake, na kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili hawakuwekewa dakika hiyo. Akatukanwa, akatishiwa kuuawa! Kwa kukaa chini tu jamani. Vijana wetu kwenye vibanda umiza wanayaona haya na wanachojifunza ni kwamba ukifunga vya kutosha utasamehewa na watu ambao hata hukuwakosea.

Kwa hiyo nyie mkiandika tanzia ya mchezaji, kama mahakama ilishamtia hatiani wekeni juu kabisa pamoja na mataji yake, msiifiche mstari wa mwisho. Na yule mama wa mtaani kwetu, kama timu iliweza kuchangisha hela ya kombe na jezi basi inaweza kumchangia vidole vikaangaliwe hospitali, viongozi nimeshawaambia na kikao cha Jumapili nitawaambia tena.