Hereni za udongo wa polima: achana na maseti ya vifaa, nunua kipimajoto

Yaani mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia kwanza asiguse yale maseti ya vifaa vingi vingi. Mi nilinunua, na nusu yake mpaka leo viko kwenye boksi. Vitu ninavyoshika kila siku ni chupa ya glasi ya kusukumia, wembe, kigae kilaini cha kufanyia kazi na kuokea, sindano nene ya kutobolea, na vifuniko vya chupa na kalamu vya kukatia maduara. Unene ukikusumbua, panga karata idadi sawa pande zote mbili za udongo halafu pitisha chupa juu yake, ikishafika kwenye karata haishuki tena.

Hela iliyobaki nunua kipimajoto cha oveni. Hapa ndo wengi tunaangukia. Huu udongo jina tu, ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, haukauki kwa hewa, unaiva kwa joto, na aina nyingi zinataka nyuzi kati ya 110 na 135 za Selsiasi, kwa hiyo soma pakiti yako maana kila aina na masharti yake. Mi nilikuwa naamini swichi ya oveni. Jozi ya kwanza nyeupe ikatoka na rangi ya karatasi ya zamani, nikaogopa, ya pili nikashusha moto, zikatoka nzuri hadi nikapiga picha, kuja kupitisha kapete (kale kaduara ka waya ka kuunganishia), tap, ikakatika palepale kwenye tundu. Kumbe haikuiva! Kipande chembamba kilichoiva sawasawa kinapinda kidogo ukikibonyeza. Siku hizi nafunika kwa foili bila kugusa hereni, na muda nauongeza bila woga, joto ndo siongezi. Maikrowevu sahau. Ikiungua ule moshi ni mbaya, zima, fungua madirisha, toka. Na kigae chako kisirudi kwenye chakula.

Kukanda usiharakishe, kanda mpaka ukiukunja hauchaniki. Anza na nyeupe, nyekundu iwe ya mwisho, maana rangi inabaki kwenye vidole hata ukinawa. Na vua sweta jamani, niliwahi kutumia nusu saa kuchokoa nyuzi za bluu kwa sindano. Zile za juu juu zinatoka kwa pamba yenye spiriti kabla ya kuoka.

Udongo mbichi usiulaze kwenye meza iliyopigwa vanishi, unaila, hata baadhi ya plastiki inalainika na kunata. Mi nafunga kwenye karatasi ya kuokea.

Vile vipini vya nyuma vinavyopita kwenye sikio, supagluu peke yake iliniaibisha, hereni ya rafiki yangu ilibanduka harusini. Sasa nakwaruza mgongo kwa msasa, naweka udongo wa maji kidogo (huohuo wa polima ila wa kimiminika), nafunika kisahani cha kipini na kipande chembamba, narudisha ovenini. Kuoka mara ya pili hakuna shida kabisa.