Jibu: Stomata hazionekani kwenye kitunguu wala mkonge

Mkuu wa Tanga, umeuliza kwa nini huoni stomata (vitundu vidogo vya jani vya kupitisha hewa) kwenye kitunguu na mkonge; hadubini yako ni nzima. Ngozi ya gamba la kitunguu hukua gizani, haina kazi ya usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga), ndiyo maana stomata huzioni. Mkonge nao ni mkaidi: nta yake ni nene na stomata zimezama ndani.

Chukua jani la kunde. Upande wa chini paka rangi ya kucha isiyo na rangi, nyembamba, subiri dakika 10 ikauke kabisa, bandika selotepu, vuta taratibu, bandika kwenye slaidi. Kuza mara 100, kisha 400. Seli linzi, zinazozunguka kila kitundu, zina umbo la figo, mbilimbili. Duara lenye ukingo mweusi ni kiputo cha hewa tu. Kloroplasti (chembe za kijani ndani ya seli) usizitafute hapo, hiyo ni chapa tu ya uso wa jani.