Bibi Muuguzi Anajibu: Karatasi ya Rufaa Iko Kabatini

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji Kanda ya Ziwa kwa miaka 31. Siku hizi nafuga kuku na kujibu barua zenu. Mwezi huu barua tatu zimegusa jambo moja, nimezipa ukurasa wote.

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 38, naishi kijijini wilaya ya Sengerema. Nina watoto wanne, wa mwisho ana miezi 13 na bado ananyonya. Mwezi Machi niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage. Hakiumi. Zahanati walisema maziwa yameganda, nikapewa vidonge. Niliporudi nikapewa vingine. Agosti nilichukuliwa kinyama kidogo cha kupima kwenye titi hospitalini, nikaambiwa nitapigiwa simu. Sikupigiwa. Oktoba nikaenda mwenyewe, nikapewa majibu kwamba ni saratani, na rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Sasa ni Desemba. Mume wangu anasema tungoje tuuze mpunga. Mama mkwe anamjua mganga wa uvimbe. Tena anasema jirani yetu alikatwa titi akafa kabla ya mwaka, kisu ndicho kilichosambaza. Karatasi iko kabatini. – Mama wa Wanne*

Marahaba mwanangu. Nianze na huyo jirani, maana naona ndiye anayekushika miguu, kuliko huo mpunga.

Simjui, lakini nimewahudumia wengi wa aina yake. Mmoja alikuja amejifunga titi kwa kitenge, ndani kuna majani na majivu, na harufu imetangulia mlangoni kabla yake. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu pamba ya mwaka juzi." Karatasi yake ya rufaa alikuwa ameihifadhi vizuri kabisa, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na mbegu za mahindi. Alipofika kwetu ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mapafu na mifupa. Alifanyiwa upasuaji ili kidonda kipungue na aweze kulala usiku, akafa baada ya miezi michache. Kijijini kwao, sina shaka, wanasema alikatwa ndiyo maana akafa. Kisu kilibeba lawama ya kazi iliyofanywa na miaka miwili ya kungoja. Kukata titi hakusambazi saratani, na sindano ya kuchukua kinyama haisambazi. Saratani husambaa yenyewe, kupitia damu na mitoki ya kwapani, na inapata nafasi zaidi kila mwezi unaopita.

Kuhusu mganga, sitamtukana, maana najua kwa nini anatushinda sisi wa hospitali. Yuko karibu. Anapokea kuku leo na mbuzi msimu ujao. Tena anakaa na mgonjwa nusu siku akimweleza ugonjwa umetoka wapi, wakati sisi tulikuwa tunasema "Kachukue majibu dirisha namba nne" tukaita mwingine. Lakini dawa yake ya kupaka itafungua ngozi, kivimbe kitageuka kidonda, na kidonda ni ugonjwa mzito zaidi kutibu. Kama mama mkwe anataka aje akuombee, mpokee. Asipake kitu.

Sasa mpunga. Mumeo si mtu mbaya, anahesabu fedha. Ila muulize: mpunga wa kuuza utapatikana lini? Mei, Juni? Kivimbe chako kina miezi tisa leo. Mwambie hivi: "Baba fulani, twende wote mara moja ukamsikie daktari, halafu tupange." Nimeona wanaume wengi wakibadilika siku waliyokaa wenyewe mbele ya daktari, kwa sababu nyumbani walikuwa wanasikia habari ya mkono wa pili. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, hamlali tena ng'ambo mkisubiri kivuko. Njia imefupika. (Wakati wangu tulikuwa tunajua siku kivuko kimeharibika kwa kuangalia tu viti vya kliniki.)

Msiuze mbuzi wote kwa safari ya kwanza. Hapa ndipo kina mama wengi wanapoanguka, wala hawaonywi. Tiba ya saratani ya titi haiishi kwa siku moja. Dripu, yaani dawa kali za saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, mara nne, sita, au nane. Wengine hupewa dripu kwanza ndipo wakatwe, wengine hukatwa kwanza. Kisha kuna wanaohitaji mionzi. Hesabuni nauli, chakula na mahali pa kulala pa watu wawili, mzidishe kwa safari zote, ndipo muamue kiuzwe nini na lini. Anayeanza dripu mbili akaacha amepata mateso ya tiba bila faida yake.

Kadi nayo iulizie kabla ya kupanda gari. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliwekwa ikomee hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando ni ya kanda. Nimeshuhudia watu wakilia dirishani kwa kutolijua hilo. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu, na ukifika uliza ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyohiyo, usisubiri deni likue.

Kabla ya kuondoka pita hospitali iliyokuchukua kinyama. Karatasi ya majibu haitoshi. Omba bloku, yaani kile kinyama chako kilichohifadhiwa kwenye nta, pamoja na slaidi zake. Kwenye kinyama hicho ndimo hupimwa kama saratani yako inalishwa na homoni. Ikiwa ndivyo, kuna kidonge, tamoxifen, kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi, na hicho utakimezea nyumbani kwako. Usipokuwa na bloku unaweza kuchomwa upya na kungoja upya, na kungoja umeshangoja vya kutosha. Wakikuambia tena "utapigiwa simu", uliza tarehe, uliza jina la wa kumfuata, na andika namba yake mbele yake.

Mambo mawili ambayo naona hukuambiwa. Mtoto hatanyonya ukiwa kwenye dripu, kwa hiyo anza sasa kumzoesha uji na maziwa ya kikombe, asije akaachishwa kwa ghafla na wewe haupo. Pili, kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, au vidonge, au vijiti, mweleze daktari siku ya kwanza. Njia za homoni hazikufai tena. Kitanzi cha shaba kinafaa, kondomu zinafaa. Mimba isiingie katikati ya tiba.

Niandikie ukirudi. Ukiahirisha pia niandikie, sitakufokea sana.

*Bibi, mke wangu amepata dripu mbili za saratani ya titi. Nywele zimeisha na siku ile alikojoa mkojo mwekundu. Anasema dawa inamuua, harudi ya tatu. – Mume, Geita*

Baba, huo wekundu si damu. Dripu moja ina rangi nyekundu kama juisi ya rosela na hupaka mkojo rangi kwa siku moja au mbili. Angeambiwa mapema asingeshtuka. Nywele huota tena tiba ikiisha. Nilimjua mama mmoja zilimrudia za mawimbi, akawa anaringa nazo kanisani. Kichefuchefu kina dawa zake, aombe aongezewe, asivumilie kimya. Ila kuna kitu kimoja msikivumilie hata saa moja: homa. Nunueni kipimajoto. Kikifika 38, usiku au mchana, nendeni hospitali na mseme yuko kwenye dripu za saratani, kwa sababu kinga yake iko chini na maambukizi hukimbia haraka. Na kwa tarehe ya dripu ya tatu, msindikize wewe mwenyewe.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wilayani kwetu hakuna mashine ya mamogramu, ile ya kupiga picha matiti. Nawaambia nini wanawake? – Mhudumu, Simiyu*

Marahaba. Waambie mashine isiwe kisingizio cha mtu yeyote, wao wala watoa huduma. Mwanamke aliyeshagusa kivimbe anahitaji mikono ya mtaalamu, ultrasaundi ikipatikana, na kinyama kichukuliwe. Wengi wa hao kivimbe chao hakitakuwa saratani, nalo uwaambie, maana woga huwaficha wengi kuliko uvivu. Waambie pia wasingoje maumivu. Saratani ya titi mara nyingi huanza bila kuuma. Chuchu iliyozama ghafla, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, majimaji ya damu: waende.

Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba tangu mwanamke anapofika kituoni mara ya kwanza hadi kujua ugonjwa wake zisipite siku 60. Mama wa Wanne alifika Machi akajua Oktoba. Kwa hiyo chukua daftari la kurasa 48, kila mwanamke na mstari wake: siku aliyokuambia, siku aliyopimwa, siku majibu yalipotoka, siku alipoanza tiba. Pasipo na tarehe, panda baiskeli.