Umetoka kwenye Phoenix umeingia Périgord: mambo ya kujua kabla hujapiga pedali vijijini Ufaransa

Mimi ni mtoto wa Shinyanga, nimekulia juu ya baiskeli ya Phoenix, nimebeba magunia ya mahindi, nimembeba bibi kwenda kliniki, siku moja nimebeba hadi kitanda, kwa hiyo nilipokuja kusoma Bordeaux halafu baadaye nikapata kazi Périgueux, mji mkuu wa Périgord huku kusini-magharibi mwa Ufaransa, nikajisemea kwenye baiskeli hawa watu watanifundisha nini mimi. Nikanunua ya mtumba, ile ya resi yenye usukani kama pembe za kondoo, Jumapili ya kwanza tu nikarudi nyumbani kwa treni nimekaa kama mgonjwa. Sasa kila mwaka wanakuja wadogo zetu wapya wananiuliza yale yale, nimechoka kurekodi voisi za dakika saba, naandika mara moja.

Kwanza vilima. Huku hakuna milima kama ile ya kwenye Tour de France, Alps iko mbali na Pyrenees iko mbali. Huku ni vilima, na ndo vinakuua. Mlima mkubwa unauona toka mbali, unaupa heshima yake, unapanda polepole. Kilima cha Périgord ni kifupi, unakidharau, unakivamia kwa hasira unamaliza, unashuka dakika mbili unavuka kijito, kinakuja kingine, na kingine, saa nane mchana miguu imekuwa uji na bado uko kilomita 30 toka nyumbani. Sisi wa tambarare tuna ugonjwa wa kuhesabu kilomita. Acha. Angalia mita za kupanda: kilomita 60 zenye mita 900 za kupanda ni kazi kubwa kuliko 100 za kufuata mto. Na kile kilima cha kwanza kipande kama vile una aibu, watu wakupite, waache, utawakuta mbele wamekaa.

Gia sasa. Meno machache mbele na mengi nyuma ndo gia nyepesi ya kupandia. Yangu, kwenye gia yake nyepesi kabisa, ilikuja na meno 39 mbele na 25 nyuma, baiskeli ya mtu mwenye mapaja ya ng'ombe. Siku naenda Domme, mji mkongwe ulioko juu ya jabali, toka mtoni hadi getini ni zaidi ya mita 100 kwenda juu na barabara imesimama kweli, nikafika katikati pedali zikagoma, nikashuka nikawa nasukuma huku watalii kwenye magari wananipungia mkono kwa huruma. Kesho yake nikaenda kwa fundi. Kama unanunua leo chukua 34 mbele na 32 au 34 nyuma, usione aibu, na tairi za milimita 28 au 32, zile nyembamba za 23 zinakutingisha meno kwenye lami ya vijijini. Domme kwenyewe usipite hivi hivi, ulianzishwa 1281 na mfalme Philippe wa Tatu, kwenye lango la Porte des Tours walifungwa Templars, wale watawa wapiganaji wa zamani, kuanzia 1307 na michoro waliyochora ukutani ipo mpaka leo. Mimi mara ya kwanza sikuona chochote, nilikuwa nimelala kwenye benchi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: soma majina ya vijiji. Ukiona Mont, Puy, Pech au Roque kwenye jina jua kuna kilima au jabali, andaa miguu. Combe na Val ni bondeni, lakini ukishuka bondeni si lazima utoke? Halafu tafuta ramani ya karatasi ya Michelin, najua una simu, tafuta tu. Kwenye hiyo ramani vile vimishale barabarani ndo mteremko: kimoja ni asilimia 5 mpaka 9, viwili 9 mpaka 13, vitatu ni zaidi ya 13 na hapo unaomba Mungu. Barabara nyekundu zikwepe, za njano ni nusu kwa nusu, nyeupe ndo zetu. Simu inakupeleka njia fupi, na njia fupi huku mara nyingi inapita juu ya kilima ambacho barabara nyeupe imekizunguka kwa adabu. Ila angalia na msimu: barabara ya D703 ya kando ya mto Dordogne inapita La Roque-Gageac na Beynac, nzuri mno kwenye picha, ila Agosti ni foleni ya magari-nyumba mwanzo mwisho. Nenda Mei, Juni au Septemba. Kuanzia Septemba pia msimu wa uwindaji unafunguliwa, utasikia bunduki msituni, vaa rangi inayopiga kelele.

Sheria nitapita haraka. Usivae earphone, faini ni euro 135. Kengele lazima, taa lazima usiku. Gari likikupita nje ya mji linatakiwa kuacha mita moja na nusu, na kiukweli wengi wanaacha.

Ila kuna mawili nataka uyashike. La kwanza, huku ni kulia. Unasema aah najua. Unajua ukiwa unatembea na mwendo upo. Balaa ni pale umesimama kununua mkate, duka liko upande wa kushoto, unatoka na tumbo limejaa, barabara haina gari hata moja la kukukumbusha, unapanda baiskeli na mwili wenyewe unakurudisha Shinyanga. Nimeshakata kona mbili nzima upande wa kushoto huku nikipiga mluzi, kona ya tatu likaja trekta. Mwenye trekta hakunitukana, alinionyesha tu kidole kwenda upande ule mwingine, taratibu, kama unavyomwelekeza mtoto. Siku hizi nimefunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani, nikianza safari nakitazama, kitambaa kiwe upande wa majani.

La pili ni wanaloliita priorité à droite. Ndani ya vijiji, kama hakuna alama, anayetoka kulia kwako ndo mwenye haki, hata kama wewe uko barabara kubwa na yeye katoka kichochoroni nyuma ya kanisa. Mzee wa kijiji anatoka bila hata kugeuza shingo maana ni haki yake na amefanya hivyo miaka 50. Ukiona kile kibao cha almasi ya njano, haki ni yako, ukikiona kimepigwa mstari mweusi, imeisha, shika breki.

Sasa tuje kwenye tumbo, hapa ndo wageni wengi wanalia. Sisi tumezoea popote ulipo kuna kibanda, kuna mama anakaanga kitu, kuna duka la Mangi linafunga saa nne usiku. Vijijini Ufaransa saa sita mchana kila kitu kinafungwa mpaka saa nane, pengine saa tisa. Jumapili mchana, hakuna. Jumatatu ndo usiseme. Mwaka wa kwanza nilichukua likizo Jumatatu moja nikatoka na chupa mbili za maji na ndizi moja, nimepanga kula njiani. Kijiji cha kwanza duka la mkate limefungwa, karatasi mlangoni. Cha pili limefungwa. Cha tatu halikuwepo kabisa, lilishakufa, limebaki jina ukutani. Kilomita ya 50 hivi nikaanza kuona barabara inapumua. Wenyewe wanaita fringale, unaishiwa kama taa ya kibatari. Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba fulani, akatoka bibi kizee, nikasema bonjour, akanitazama, akaingia ndani, akarudi na jagi la maji na kipande cha keki ya jozi, zile kokwa zenye umbo kama ubongo, huku ndo kwao. Nikala, nikaongezwa. Kumbe kilichonifungulia mlango ni lile neno. Bonjour huku ni kama shikamoo, ukianza na shida yako kabla ya salamu umeshakosa, hata dukani, hata kwa fundi.

Kwa hiyo siku yako ipange kwa mkate kwanza, kilomita zitajipanga zenyewe. Saa nne asubuhi uwe umeshanunua cha mchana. Mimi mfukoni nina kashata za karanga nazotengeneza mwenyewe na tende, kila dakika 40 naweka kitu mdomoni hata kama sisikii njaa, ukisubiri njaa umechelewa. Maji yakiisha tafuta makaburi, sikutanii, makaburi ya vijijini mara nyingi yana bomba la watu kumwagilia maua. Soma kibao tu, ukiona non potable hayo usinywe, jimwagie kichwani. Mwanzoni niliona mkosi, sasa nasema samahani wenyeji, najaza chupa.

Wa kuanza kabisa nampeleka bonde la Vézère, Montignac kushuka mpaka Limeuil pale mto unapoingia Dordogne, sehemu kubwa unafuata maji. Lascaux, lile pango lenye michoro ya watu wa kale, iko hapo Montignac, liligunduliwa 1940 likafungwa kwa watalii 1963, unachoingia leo ni nakala, ile kubwa ilifunguliwa 2016. Ukitaka tambarare zaidi kuna njia ya baiskeli tupu toka Sarlat kuelekea Souillac, ilikuwa reli zamani, na treni hazipendi vilima. Sarlat soko ni Jumatano na Jumamosi, asubuhi. Miguu ikikomaa nenda Monpazier, mji uliopimwa kwa kamba na Waingereza wa Edward wa Kwanza 1284, mitaa imenyooka na katikati kuna uwanja wenye baraza na kivuli pande zote, sijaona sehemu nzuri zaidi ya kubadilishia tyubu.

Na tyubu utabadilisha. Wakiweka kokoto mpya barabarani wanaandika gravillons, punguza mwendo, usilale kwenye kona. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu yenye mdomo wa ile vali nyembamba, maana kituo cha mafuta kina mdomo wa gari tu.

Wakijua umetoka Afrika Mashariki watakuambia Froome, mwendesha baiskeli wa mashindano, kazaliwa Nairobi, kashinda Tour de France mara nne. Wazee wanaofuatilia siku hizi wanataja Girmay wa Eritrea, aliyebeba jezi ya kijani, ile ya pointi, kwenye Tour ya 2024, na hapo unaweza kununuliwa kahawa.

Mwisho, jua ratiba ya treni ya kurudi kabla hujatoka. TER, yaani treni ya mkoa, ya Bordeaux hadi Sarlat inapita Bergerac na Le Buisson, ukichoka unajiokoa. Mara nyingi baiskeli inaning'inizwa kwa tairi la mbele, kwa hiyo toa chupa kwanza. Yangu ilichomoka ikamdondokea mzee mmoja mguuni, na mimi kwa kihoro badala ya pardon nikamwambia bonjour.